Safari ya Ng'ambo na Upimaji wa Daktari

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo linalowapata watu wachache, lakini linalowatia hofu watu wengi. Mtu akitaka kuhamia nchi ya ng'ambo, ama kumfuata mumewe au mkewe, ama kusoma kwa miaka kadhaa, ama kupata kimbilio baada ya vita, aghalabu huambiwa apimwe kwanza na daktari. Habari hiyo ikifika Kabuku au Sindeni, Mombo au Magoma, mara maneno huwa mengi. Mmoja husema kwamba mwenye kikohozi hakubaliwi kamwe. Mwingine husema kwamba damu itakayotolewa itauzwa, nazo hadithi za zamani za mumiani hufufuka. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye hatari kuliko wote, humnong'oneza msafiri, "Ndugu yangu, ukiulizwa, kana kila kitu."

Nataka kueleza upimaji huo ni nini, hufanywaje, na mtu ajitayarisheje. Kama msikilizaji atasahau mengine yote, na akumbuke neno hili moja: ugonjwa mwingi hutibiwa, na safari ikaendelea, uongo hauna dawa.

Desturi ya zamani

Desturi ya kuwapima wahamiaji si mpya. Katika bandari ya New York, huko Marekani, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Ellis Island. Tangu mwaka 1892 hata 1954 kilikuwa kituo cha kuwapokea wageni waliofika kwa meli. Madaktari walisimama wakiwatazama watu wakipanda ngazi na mizigo yao; aliyehema sana au kuchechemea aliandikwa alama ya chaki juu ya nguo yake, akawekwa kando apimwe zaidi. Kope zake zilipinduliwa ili kutafuta trakoma, ule ugonjwa wa macho tunaouita vikope. Mwenye ugonjwa huo aliweza kurudishwa kwa meli kule alikotoka. Ni kwa sababu ya masikitiko ya namna hiyo, kwamba mtu auze shamba lake, avuke bahari, kisha arudishwe mlangoni, ndipo mataifa yalipoanza kuwapima watu kwao kabla hawajafunga safari.

Sisi wa upande wa Tanga nasi tulikuwa na mambo ya namna hiyo, ijapokuwa hayakuwa ya kuvuka bahari. Wazee wa Korogwe wanajua habari za manamba walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Chama cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU, kilichoanzishwa mwaka 1944, kiliwaandikisha watu huko kwao, nao walipimwa afya kabla ya kupelekwa mashambani. Lakini angalia tofauti. Manamba alipimwa ili ijulikane kama ana nguvu za kazi. Msafiri wa leo hapimwi nguvu. Hupimwa hasa kwa sababu mbili: ijulikane kama anao ugonjwa wa kuambukiza utakaowadhuru wengine, na kama anao ugonjwa unaotaka matunzo makubwa. Kwa hiyo mzee asiyeweza kuinua debe la maji hana sababu ya kuogopa udhaifu wake.

Wazigua wa mto Juba

Iko habari moja inayotuhusu sana watu wa Handeni. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia Uzigua. Watu wengi walichukuliwa pwani, wengine kwa kudanganywa kwamba watapata chakula na kazi, wakapandishwa majahazi na kuuzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Baadaye wengi walitoroka, wakafanya makao katika misitu ya mto Juba. Masimulizi yao humtaja mwanamke mwaguzi, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko walilima, wakazaa, wakazeeka; na ijapokuwa vizazi vingi vilipita, hawakuiacha lugha ya Kizigua.

Vita vilipowaka Somalia mwaka 1991, watu hao walikimbia. Wengine walikuja kwa bahari na nchi kavu hata wakafika Tanzania. Walikaa kwanza Mkuyu, wilayani Handeni, kisha mwaka 2003 wakafunguliwa makazi ya Chogo, wilaya hiyo hiyo. Wengi wao wamepata uraia wa Tanzania. Hivyo wajukuu wa watumwa walirudi katika nchi ya babu zao, wakasikia ikisemwa lugha waliyofundishwa na mama zao.

Wenzao wengine waliishia katika kambi ya Dadaab nchini Kenya, pamoja na watu wengine wa mto Juba wenye asili ya makabila mbalimbali ya kusini. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilikubali kuwapokea. Mwaka 2002 watu karibu 12,000 walihamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hata kambi ya Kakuma, ili mambo yao yatengenezwe. Huko, pamoja na kuhojiwa na kufundishwa habari za nchi waendayo, walipimwa afya na madaktari wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, liitwalo kwa kifupi IOM. Wa kwanza walifika Marekani mwezi wa Mei 2003. Leo mtu akifika mji wa Boise, katika jimbo la Idaho, atawakuta watu wasemao Kizigua.

Nimeleta habari hiyo kwa sababu kubwa. Watu hao walikuwa wakulima kama sisi, na wengi wao hawakuwa wamepata shule. Walikuwa na watoto wachanga, wazee, na wagonjwa. Walakini walipita mlango huo kwa maelfu. Upimaji huu si kwa watu wa mjini peke yao.

Nani apimaye, na nani aamuaye

Yafaa kwanza kujua kwamba si kila daktari awezaye kuutoa ushuhuda huu. Kila nchi ina madaktari wake iliowachagua, nao huwa wachache. Kwa Tanzania watu kwa kawaida huenda Dar es Salaam. Daktari wa hospitali ya Magunga pale Korogwe, au wa hospitali ya wilaya Handeni, aweza kukutibu vizuri kabisa, lakini cheti chake hakitoshi kwa ubalozi. Majina ya madaktari waliochaguliwa hupatikana kwa ubalozi au ofisi ya uhamiaji ya nchi ile uiombayo. Mtu yeyote anayekufuata stendi au nje ya ubalozi, akakuambia kwamba ana njia ya mkato na cheti tayari, huyo ni mwizi. Atakula fedha yako, na cheti chake kitakufungia mlango ambao pengine ulikuwa wazi.

Pili, daktari hatoi ruhusa ya kuingia katika nchi. Yeye huandika alichokiona tu. Aamuaye ni ofisa wa nchi ile. Kwa hiyo kumbembeleza daktari hakuna faida, na kumpa kitu kwa siri ni kosa.

Tatu, usikimbilie kupimwa kabla hujaambiwa. Mwenye kuomba kuhamia kwa kawaida hulipa gharama zake mwenyewe, tena majibu yana muda wake. Cheti cha Uingereza cha kifua kikuu, ambacho hutakiwa kwa Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6, hudumu miezi 6. Cha Kanada hudumu miezi 12. Muda ukipita kabla ya safari, hapana budi kurudia na kulipa tena. Kadhalika milango ya nchi hufunguliwa na kufungwa kwa amri za wakubwa wake. Mwezi wa Januari 2025, kwa mfano, Marekani ilisimamisha mpango wake wa jumla wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kupimwa wakabaki wakingoja. Basi uliza kwanza kama ombi lako linaendelea, ndipo ulipe.

Matayarisho ya nyumbani

Matayarisho yaliyo mazuri huanza nyumbani, wiki nyingi kabla ya safari ya Dar es Salaam. Nitayataja moja moja.

Kwanza, kusanya karatasi. Tafuta pasi yako ya kusafiria, barua ya kuitwa, na picha kama zimetakiwa. Tazama kwamba jina lako ni moja katika karatasi zote. Mtu aitwaye Mwanaidi katika pasi na Mwanahidi katika kadi ya hospitali atapoteza siku nzima akieleza.

Pili, tafuta kadi za chanjo. Mama mwenye busara huhifadhi kadi ya kliniki ya mtoto pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ikiwa imepotea au imeliwa na mchwa, rudi katika zahanati ile ile mlikochanjia, umwombe muuguzi kwa adabu atazame katika madaftari. Nchi nyingine, kama Marekani, humtaka mhamiaji awe na chanjo nyingi kwa kadiri ya umri wake: surua, polio, pepopunda, dondakoo, kifaduro, na nyinginezo. Kila chanjo isiyo na ushuhuda yaweza kudungwa upya. Haidhuru sana, lakini ni sindano na fedha ambazo karatasi moja ingaliziokoa.

Tatu, chukua habari za magonjwa yako ya zamani. Kama ulilazwa, tafuta karatasi ya kuruhusiwa. Kama ulipasuliwa, jua ulipasuliwa nini na mwaka gani. Kama una picha ya eksirei ya zamani, ichukue hata kama ni ya miaka mingi. Daktari akiona kovu katika mapafu yako leo, na picha ya zamani inaonyesha kovu lile lile, atajua kwamba jambo hilo halikuanza jana.

Nne, chukua dawa unazotumia, katika pakiti zake. Usiseme tu, "Natumia vidonge vyeupe," kwa maana vidonge vyeupe ni vingi. Usiache dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari ili uonekane huna ugonjwa. Siku ile ile shinikizo litapanda, na daktari atamwona mgonjwa asiyetunzwa badala ya mgonjwa aliyetunzwa vema. Mwenye miwani achukue miwani yake. Kama umetumia dawa za miti shamba, sema. Daktari hakuulizi ili akucheke. Dawa nyingine hubadili mwili hata vipimo vikapotea njia.

Tano, fikiri habari za safari na malazi. Mtu wa Handeni hutelemka Mkata, akashika barabara kuu kupitia Chalinze. Wa Korogwe hupitia Segera. Usifike alfajiri ile ile baada ya kukesha katika basi. Lala kwa ndugu au nyumba ya wageni, uoge, ule kama kawaida isipokuwa umeambiwa usile. Tena uwe na akiba ya siku kadhaa, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Siku yenyewe

Ukifika, utaonyesha pasi yako na kupigwa picha, maana hapana ruhusa mtu kupimwa kwa niaba ya mwingine. Kisha utaulizwa maswali. Umepata kuugua nini? Umewahi kutibiwa kifua kikuu? Yuko mtu nyumbani aliyekohoa muda mrefu? Umewahi kuugua akili? Watumia pombe kwa wingi, au bangi? Jibu lililo kweli, kwa maneno machache. Kama hukuelewa swali, omba lirudiwe. Mzee asemaye Kizigua au Kisambaa tu amwombe mtu wa kumfasiria. Kujibu "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa kumewaletea watu taabu bure.

Daktari atakupima urefu na uzito, macho na shinikizo la damu, atausikiliza moyo na mapafu, atalitazama tumbo na ngozi. Makovu na chale huenda akaziuliza habari zake; mweleze tu. Mwanamke akitaka awepo mwanamke mwenziwe chumbani wakati wa kupimwa, ana haki ya kuomba.

Damu itatolewa kidogo katika mkono. Ni chupa ndogo, si kibuyu. Hutazamwa kama ina kaswende, au magonjwa mengine kwa kadiri ya sheria za nchi ile. Watu wa Korogwe wana sababu ndogo kuliko wengine ya kuogopa jambo hili. Tangu mwaka 2009 watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa watoto wa nchi mbalimbali za Afrika walioshiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Damu zao zilipimwa mara nyingi. Na chanjo hiyo leo inawakinga watoto katika nchi nyingi za Afrika. Damu hiyo haikwenda kwa mumiani. Ilikwenda kuwa elimu.

Mkojo nao hutakiwa na nchi nyingine. Mwanamke aliye katika siku zake na amwambie muuguzi, kwa maana damu hiyo huvuruga kipimo.

Kisha ni picha ya kifua kwa eksirei. Marekani huitaka kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kanada na Uingereza kwa kawaida kuanzia miaka 11. Haiumi hata kidogo: mtu huvua nguo za juu na mapambo ya shingoni, hukaza pumzi kidogo, ikaisha. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani kwamba anayo, sharti aseme kabla ya picha, ili mtoto akingwe kwa vazi zito la risasi, au itafutwe njia nyingine. Katika jambo hili haya ni adui. Mwanamke asinyamaze kwa sababu mama mkwe wake yuko nje ya mlango.

Watoto wadogo walio kati ya miaka 2 na 14, kwa safari ya kuhamia Marekani, hutolewa damu ya kutazama kama wamepata kuambukizwa vijidudu vya kifua kikuu. Kovu la chanjo lililo begani halikipotezi kipimo hiki. Nao wazazi nawaomba jambo moja: msiwatishe watoto nyumbani kwa kusema, "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Siku ikifika mtalipa deni la maneno hayo.

Kifua kikuu

Sasa nimefika penye kiini cha mambo. Kati ya magonjwa yote, linalotafutwa zaidi ni kifua kikuu. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani aligundua kijidudu kinacholeta ugonjwa huu. Hupita hewani, mgonjwa akikohoa. Husafiri pamoja na mtu katika basi na katika ndege, ndiyo sababu mataifa hukitafuta.

Picha ikionyesha doa, au kama mtu alipata kuugua zamani, huambiwa alete makohozi. Hutolewa asubuhi tatu mbalimbali, kabla ya kula, baada ya kusukutua kinywa kwa maji. Makohozi si mate. Lazima yatoke chini kifuani kwa kukohoa kwa nguvu, naye mhudumu hutazama mtu akiyatoa. Hii ndiyo sababu niliwaambia mwe na akiba ya siku kadhaa mjini. Kisha makohozi huoteshwa katika maabara kama mbegu kitaluni, ili kuona kama vijidudu vitamea. Kazi hiyo huchukua hata wiki 8. Mtu aliyeambiwa angoje wiki 8 hakukataliwa. Mbegu haioti kwa kuharakishwa.

Tuseme kwa mfano kwamba wako ndugu wawili, Mbelwa na Semkiwa, wote wameitwa ng'ambo, na wote wanakohoa tangu mwezi uliopita. Mbelwa aogopa kuchelewa. Anunua vidonge vichache kwa mtu asiyejulikana, avimeza wiki mbili, kikohozi chapungua, akaenda kupimwa akisema, "Sijapata kuugua." Picha haisikilizi maneno, yaonyesha yaliyomo mapafuni. Makohozi yaoteshwa, na vijidudu vyamea. Tena vimekwisha kuonja dawa pasipo kufa, na vijidudu vya namna hiyo huweza kuwa sugu, hata dawa za kawaida zisivishinde. Sasa Mbelwa ana mambo matatu badala ya moja: ugonjwa mgumu zaidi, matibabu marefu zaidi, na uongo ulioandikwa katika karatasi zake. Na nyumbani Mnyuzi mkewe na mtoto wake wanakohoa.

Semkiwa alikwenda Magunga mara alipokohoa wiki mbili. Alipimwa, akaandikwa, akapewa dawa miezi 6, bila kulipa, maana vipimo na dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ya Tanzania hutolewa bure. Watu wa nyumbani kwake nao walipimwa. Alimeza dawa kila siku mbele ya msimamizi, na kadi yake ikajazwa. Siku ya kupimwa Dar es Salaam aliionyesha kadi. Makohozi yake yalioteshwa, hapakumea kitu, akapewa ushuhuda. Alichelewa, lakini alisafiri, na aliacha nyumba nzima.

Hata yule ambaye hakujua kabisa, akagunduliwa siku ya kupimwa, hajafungiwa mlango. Hutibiwa mpaka amalize, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, hupimwa tena, na akipona ombi lake huendelea. Jambo hili sisi Watanzania tuna haki ya kulionea fahari. Mpango wa taifa letu wa kupigana na kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, akisaidia daktari Karel Styblo. Na njia iliyotumika hapa, ya kumsimamia mgonjwa ameze dawa mpaka mwisho na kuandika habari zake zote, ndiyo Shirika la Afya Duniani lililoifanya kuwa mfano kwa mataifa tangu miaka ya 1990. Basi mtu wa Korogwe akitibiwa vema nyumbani, ametibiwa kwa njia ambayo ulimwengu ulijifunza kwetu.

Magonjwa mengine

Watu huuliza sana habari za virusi vya UKIMWI. Zamani Marekani iliwakataa wenye virusi hivyo. Sheria hiyo iliondolewa tarehe 4 Januari 2010, na kipimo hicho si lazima tena kwa safari ya huko. Kanada hupima, lakini kuwa na virusi peke yake si sababu ya kukataliwa mara moja. Kwa hiyo mwenye kutumia dawa za kila siku asiziache, tena achukue za kutosha safari, pamoja na barua ya kliniki yake.

Kaswende na kisonono hutibiwa, na mtu akaendelea. Ukoma nao, ambao zamani ulimtenga mtu na watu wake, hata hospitali ya misheni ya Kwamkono huko Handeni ikawa kimbilio la wagonjwa wake, leo una dawa. Mwenye kuanza kuzimeza huacha upesi kuwa hatari kwa wengine. Kifafa, kisukari, na ugonjwa wa akili uliotunzwa vema havimwangushi mtu kwa lazima. Nchi nyingine hutazama gharama za matunzo, na hapo karatasi za daktari wako wa nyumbani zitakusemea kuliko ulimi wako.

Baada ya kupimwa

Ukimaliza, omba risiti ya fedha ulizolipa. Uliza majibu yatatoka lini, na kwa njia gani. Siku hizi mengi hupelekwa kwa mitambo moja kwa moja. Lakini ukipewa bahasha iliyofungwa, usiifungue hata kama moyo unawasha. Bahasha iliyofunguliwa ni kama mtungi uliopasuka. Mwambie daktari kama umepata ugonjwa mpya kabla ya safari. Na kama una mtu wa nyumbani ambaye amecheleweshwa kwa matibabu, shaurianeni mapema: je, wengine watatangulia, au mtangoja wote pamoja? Ni shauri zito, na si la kufanywa mlangoni pa ofisi.

Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Hawakuwa na eksirei wala maabara, lakini waliona mbali. Wazigua walipochukuliwa zamani katika majahazi, hakuna aliyewauliza wanaumwa nini, wala hakuna aliyejali kama watafika. Leo daktari akikuuliza, "Unaumwa nini?", fahamu kwamba swali hilo ni heshima aliyonyimwa babu yako. Mjibu kweli. Na kama hata huna safari yoyote, lakini una kikohozi cha wiki mbili, basi usingoje barua ya ubalozi. Kesho asubuhi, nenda zahanati.